Simsim imegeuka majani matupu, mahindi yana kutu: ninyunyize dawa gani?

Mkulima_wa_Hindi
Asalaam aleikum wazee. Niko Hindi, Lamu bara. Nina ekari mbili za mahindi ya mbegu ya PH4 na ekari moja ya simsim. Mahindi yamefika kifuani, mbelewele bado. Tangu mvua ya juzi majani ya chini yamepiga madoa ya rangi ya kutu, na mashina machache yamedumaa, majani yake yana mistari ya manjano. Lakini simsim ndiyo inayoninyima usingizi. Upande wa kichakani mimea haitoi maua, inatoa vijani vidogo vimesongamana kileleni kama ufagio.

Nilienda duka la dawa nikamwonyesha kijana picha kwenye simu. Akanipa metalaksili iliyochanganywa na mankozebu, pakiti tatu, akasema hiyo inamaliza ukungu wote. Nimenyunyizia simsim mara mbili kwa pakiti mbili, wiki moja katikati. Hakuna kilichobadilika. Sasa nataka dawa kali zaidi ya yote mawili, simsim na mahindi. Nichukue ipi? Pampu yangu ni ya mgongoni, lita 20.

Kobe_Mpeketoni
Wa aleikum salaam. Usinunue kitu. Weka kwanza picha ya hilo ua la simsim, kwa karibu.

Upepo_wa_Kusi (Malindi)
Mimi napiga dawa ya ukungu ya tebukonazoli kila msimu na mahindi yangu hukaa kijani mpaka siku ya kuvuna. Piga tu ndugu yangu.

Mkulima_wa_Hindi
Picha hizo. Ukilifungua ua ndani ni kijani kitupu.

Binti_Marafa
Kaka Upepo, hiyo "piga tu" ndiyo iliyomfikisha hapa.

Kaka wa Hindi, nimesomea kilimo na nimezunguka mashamba ya Magarini miaka kadhaa, kwa hivyo nivumilie kidogo. Unachokiona kwenye simsim si ukungu. Ua likigeuka majani, huo ni ugonjwa wa fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kinachoishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Kinaletwa na vipanzi vidogo vya kijani, wale wanaoruka ukigusa jani. Ndiyo maana umeanzia kichakani, wanatoka huko. Hata ungemwaga lori zima la dawa ya ukungu, ua halirudi kuwa ua. Mmea ulioshikwa ng'oa, uchome au uufukie, usiuache kando ya shamba. Fyeka hicho kichaka kabla ya msimu mwingine.

Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Metalaksili ni dawa ya ukungu wa maji, ule unaoleta ugonjwa wa majani ya viazi na nyanya tunaouita barafu. Kutu ya mahindi au madoa ya majani haiyagusi. Kilichomo humo cha kusaidia ni mankozebu peke yake, nayo hukaa juu ya jani tu kama koti. Inazuia mbegu za ukungu zisiote, lakini ukungu ulioshaingia ndani haiufukuzi, na mvua kubwa ikinyesha koti limevuliwa.

Mahindi sasa. Mashina yenye mistari ya manjano yaache, huo ni ugonjwa wa milia, ni virusi, nao pia unaletwa na vipanzi. Yale madoa yapitishie kidole. Unga wa rangi ya chungwa ukibaki kidoleni, ni kutu. Kama ni doa refu la kijivu lenye umbo la mtumbwi na kidole kikatoka safi, hiyo ni baka jani. Hayo mawili ndiyo yanayosikia dawa.

Kobe_Mpeketoni
Dada amesema kweli. Mwaka jana nilipoteza nusu ekari ya simsim kwa ujinga huo huo, na nilinyunyiza mara nne!

Mkulima_wa_Hindi
Nimetoka shambani sasa hivi. Kidole kimekuwa chungwa. Ila ni majani matatu ya chini, hapo kati na juu ni safi. Nipige?

Binti_Marafa
Subiri. Gunzi hujazwa na jani lililo pale pale lilipo, pamoja na yale ya juu yake. Ya chini hata yakikauka hasara ni ndogo. Kagua kila siku tatu mpaka mbelewele zitoke. Kutu ikipanda kukaribia jani la gunzi na mvua bado ipo, hapo dawa ina maana, na wakati wake ni mbelewele zinapochomoza. Punje zikishakuwa ngumu umetupa hela.

Kabla hujatoa hela, piga hesabu. Chukua bei ya dawa ya ekari mbili, ongeza kibarua, kisha ugawanye kwa bei ya gunia la kilo 90. Jibu ni magunia ambayo dawa lazima ikuokolee ili usile hasara. Mwenye mavuno haba mara nyingi hayafikii.

Upepo_wa_Kusi
Basi mimi nimekuwa nikilipa bure?

Binti_Marafa
Sijui shamba lako kaka, huenda kwako kutu hupanda mapema. Ila kupiga dawa ya kundi moja la kemikali kila msimu ni kuifundisha kutu kuizoea. Ukipiga tebukonazoli leo, mara nyingine badilisha kundi. Na azoksistrobini, dawa ya kundi jingine, usiirudie peke yake, inashambulia ukungu mahali pamoja tu, nao ukungu huizoea upesi.

Mkorosho_Lindi
Huku kwetu Tanzania tunauita ufuta, nao tunaufahamu huo ufagio. Kuna mtu hapa alipuliza salfa ya mikorosho kwenye ufuta uliogeuka hivyo. Salfa ni ya ubwiri unga bwana! Jua likawa kali, majani yakaungua, wagonjwa wakawa wawili.

Mama_Witu
Mwanangu, umevaa glavu? Na kipimo ulipimia nini, kifuniko cha soda?

Mkulima_wa_Hindi
Kifuniko, mama. Nisamehe.

Mama_Witu
Lebo ina gramu zake na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Isome. Na uangalie namba ya usajili wa PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, pakiti isiyo nayo usiiguse. Jambo jingine, dawa hizi hazizuii sumukuvu, ile sumu ya kuvu kwenye punje. Ukivuna, anika juu ya turubai mpaka unyevu ufike asilimia 13.5. Huna mashine? Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani.

Kobe_Mpeketoni
Aflasafe, kinga ya sumukuvu inayotiwa shambani, nayo inamwagwa wiki mbili au tatu kabla ya maua, kilo 4 kwa ekari. Mahindi yako bado hayajachelewa, ukiipata.

Mkulima_wa_Hindi
Nimeng'oa mashina 140 ya simsim leo, mgongo hauko. Kutu bado iko chini. Pakiti ya tatu haijafunguliwa, dukani wamekataa kuirudisha. Mke wangu ana nyanya nyuma ya nyumba, nitampa.

Mama_Witu
Mpe na kijiko cha kupimia.