Mbio za pikipiki za 125cc: injini zifunguliwe kabla au baada?

Mdau_Nzuguni: Wakuu habari za Dodoma. Huku kwenye mbio zetu za mtaani daraja ni 125cc (ujazo wa injini) ila ukaguzi unaishia kusoma sitika ubavuni, halafu kuna mtu kwenye sehemu iliyonyooka anakuacha kama umesimama na pikipiki zinafanana kabisa. Tufanyeje bila kugombana?

Fundi_Chang'ombe: Mkuu sitika haisemi kitu. Injini nyingi za aina ya CG125 kipenyo cha pistoni ni milimita 56.5 na stroku (mwendo wa pistoni kupanda na kushuka) 49.5, ya 150cc stroku ni ileile ila pistoni 62, kwa hiyo mtu anabadilisha bloku na pistoni tu, nje huoni tofauti. Dawa ni kufungua hedi (kifuniko cha juu cha injini) BAADA ya mbio, washindi watatu, unapima na venia (kifaa cha kupimia kipenyo) mbele ya watu wote.

Dada_Veyula: Naunga mkono, na anayelalamika aweke dhamana, akiwa sahihi arudishiwe. Ila sheria iwe moja jamani, sio mgeni wa Kondoa anafunguliwa injini halafu rafiki wa waandaaji anapita hivihivi, hiyo inauma kuliko kushindwa.

Mdau_Nzuguni: Asante sana, venia naitafuta kesho.