Likizo ya Juni: watoto watatu, mbwa mmoja, gari hatuna. Kolo, Mpwapwa, Hombolo au Iringa?

MamaNeema_Kisasa
Wakuu, habarini za jioni. Shule zinafunga Juni na wanangu wameshaanza wimbo wa "mama, tunaenda wapi". Dar hatuendi, kwa shangazi yao tumekwenda mpaka tunaona aibu. Nataka siku tatu nne hivi hukuhuku kanda ya kati, tukitokea hapa Dodoma. Bajeti ni laki nne, ikizidi sana tano, familia nzima na baba yao.

Shida ni mbili. Gari hatuna, na tuna Popi, chotara wa kienyeji na German Shepherd, jibwa kweli. Jirani aliyekuwa anatuangalizia amehamia Mtumba. Nimefikiria Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, Mpwapwa, bwawa la Hombolo, au Iringa kwa njia ya Mtera. Aliyewahi kusafiri na mbwa anipe ukweli, asinifariji.

KondaMstaafu
Dada, ukweli ndio huu. Basi kubwa sahau. Mbwa kwa konda ni mzigo, na mzigo unakaa kwenye buti. Buti ikifungwa haina hewa na joto la injini liko hapohapo. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Mkifika mnaweza kukuta mzoga. Nilifanya kazi njia ya Kondoa na Babati, najua ninachosema.

Hiace au Coaster unaweza kuelewana nao: kiti cha mwisho kabisa, unalipia na nafasi ya mbwa, unamfunga mdomo. Ila abiria mmoja tu akipiga kelele, mnashushwa Mayamaya na watoto na mabegi, na nauli hairudi. Mimi nisingejaribu na watoto watatu.

Chibwa_wa_Nkuhungu
Mbwa naye anaenda likizo? Hapa Ugogo mbwa kazi yake kuchunga mbuzi. Mwacheni na gunia la unga alinde nyumba 😂

MamaNeema_Kisasa
@Chibwa_wa_Nkuhungu mbukwa kaka. Unga atajipikia mwenyewe?

BintiMrangi
Mimi ni wa hukohuko, nakusemea Kolo. Kama nia ni watoto wajifunze kitu, hakuna cha kuifikia katika hizo nne. Michoro ile iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150 katika eneo zima. Utaona twiga, swala, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wekundu wa udongo. Na si makumbusho yaliyokufa. Pale kwenye pango la Mungomi wazee bado wanafanya matambiko, kwa hiyo watoto wafundishwe kabisa: hakuna kugusa ukuta, hakuna kumwagia maji ili picha itoke vizuri. Unaanzia ofisi ya michoro pale Kolo barabarani, unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Lami ipo moja kwa moja toka Dodoma, kama kilomita 180.

Sasa ubaya wake. Toka ofisini mpaka kwenye michoro yenyewe ni mbali na kuna kupanda mlima, wadogo watalia. Usafiri wa kule juu ni bodaboda au gari la kukodi. Na kuhusu Popi nikuambie kama mdogo wako: kwetu Kondoa wengi ni Waislamu. Mbwa wa kulinda tunao, wanakaa nje. Lakini mbwa aingie chumba cha gesti, alambe shuka au chombo, mwenye nyumba atakuja kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo. Hatakuchukia, ila atakukatalia kistaarabu ukiwa mlangoni na giza limeingia. Ukija, piga simu kabla, useme wazi una mbwa na atalala uani.

DktMifugo_Dom
Naongezea upande wangu, maana hapa ndipo watu wanapopuuzia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwanza. Inarudiwa kila mwaka na cheti mnatembea nacho. Kama Popi hajawahi kuchanjwa, mpelekeni sasa hivi. Kinga inahitaji wiki kadhaa kujijenga, msimchanje leo mkasafiri kesho. Pitieni pia kwa afisa mifugo wa kata, mwelezeni mnakokwenda awapatie kibali cha kumsafirisha. Mkisimamishwa njiani karatasi ndiyo inayoongea.

Pili, vijijini kuna mbwa wengi wasiochanjwa. Popi awe kwenye kamba muda wote. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, hata mkwaruzo, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali kwa chanjo. Msingoje muone kama mbwa ataumwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni kifo karibu kila mara.

Tatu, mbung'o, wale inzi wa porini wanaouma. Upande wa Kondoa kuna mapori, Swagaswaga mojawapo, na mbwa anaumia vibaya na ugonjwa wa ndorobo wanaoueneza kuliko hata ng'ombe. Mkishaona homa, anakonda, macho yanaingia ukungu mweupe, msimtibu kwa dawa ya minyoo.

Kizota4Life
Kuna jamaa alimpa mbwa wake piritoni na panadoli akalala safari nzima. Rahisi tu.

DktMifugo_Dom
@Kizota4Life panadoli ni sumu kwa mbwa. Na dozi ya piritoni usikisie kwa macho. Msimlishe saa tatu nne kabla ya kuondoka, maji kidogokidogo, simameni kila baada ya saa moja na nusu. Inatosha.

MzeeWaMtera
Iringa ni nzuri, mimi nimeoa huko. Isimila zana za mawe za kale na zile nguzo za udongo, Kalenga fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, baridi ya Juni ya kuota moto. Lakini ni kilomita kama 260 kwenda, na 260 kurudi. Laki nne yako itaishia barabarani. Na mkisimama Mtera kula samaki, mbwa asisogee majini. Bwawa lina mamba na viboko, na mbwa kwa mamba ni kitoweo. Msifikirie pia kuunganisha Ruaha. Hifadhi za taifa haziruhusu mnyama wa kufugwa kuingia.

Kizota4Life
Si wapande SGR mpaka Morogoro? Gazeti hujamaliza umeshafika.

KondaMstaafu
Bila mbwa ningesema ndiyo haraka sana. Na Popi, aulize stesheni kwanza kabla ya kukata tiketi tano.

Nyalusi_Mpwapwa
Dada Mama Neema, njoo Mpwapwa uache mawazo. Ni kama kilomita 120: barabara ya Morogoro mpaka Mbande, unakata kulia kuelekea Kongwa, unaendelea. Umbali huo unamruhusu mwenye Noah kukushusha na kurudi mjini siku hiyohiyo, kwa hiyo hulipi kulala kwake wala kushinda kwake. Hapo ndipo Kolo inapokushinda: kule dereva lazima abaki nawe, la sivyo na watoto na mbwa mlimani hufiki kwa bodaboda.

Tafuta familia nyingine moja mchangie Noah. Watu wazima na watoto mbele na katikati, Popi nyuma kabisa kwenye turubai na blanketi. Elewana bei nzima na mafuta yakiwa ndani, si "mafuta juu yako", na mwambie dereva habari ya mbwa siku unapompigia, asije akapandisha bei asubuhi getini. Kurudi, chukua gari la mzigo linalorudi tupu au mpigie yeye yule.

Kulala, ulizia vyumba vya wageni vya makanisa. Vinakuwa na ua mkubwa wenye uzio, na mlinzi wa zamu. Nyumba za kupanga kwa siku nazo zipo, mnapika wenyewe. Kupika wenyewe ndiko kunakookoa bajeti: kuku mmoja, mchele, mboga ya sokoni, na makombo ni ya Popi.

Cha kuona? Milima ya kutembea asubuhi, hewa safi, na njiani Kongwa pale ambapo Waingereza walimwaga mamilioni kwenye karanga baada ya vita wakashindwa, na baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia wakapiga kambi miaka ya 60. Watoto wa darasa la sita watalisoma hilo wakiwa wamekanyaga. Na Mpwapwa ni mji wa utafiti wa mifugo tangu enzi za Mjerumani. Popi akiumwa kuna watu wa kumwona.

BintiMrangi
Hapo kwenye dereva umenishinda, nakubali. Kolo iwe siku mbwa amepata mlezi.

Chibwa_wa_Nkuhungu
Hombolo mmeisahau. Kwa kwenda na kurudi siku moja hakuna cha bei nafuu kama hicho, samaki wa kitoga mnachukua kwangu bure. Ila watoto wasiogelee, kichocho kipo. Zabibu Juni hakuna, msimu wa pili mpaka Agosti Septemba.

MamaNeema_Kisasa
Nimewasikia wote. Baba Neema alikuwa upande wa Iringa, nimemsomesha hesabu ya mafuta akanyamaza. Tunakwenda Mpwapwa, Ijumaa mpaka Jumatatu, na dada mmoja wa Ilazo na wanawe wawili. Yeye ana aleji ya manyoya, kwa hiyo atakaa mbele na dereva. Popi ana cheti cha Novemba mwaka jana.

DktMifugo_Dom
Cheti bado kiko hai. Mpulizieni dawa ya kupe siku mbili kabla, na mchukue bakuli lake la maji, msitumie vyombo vya wenyeji.

Nyalusi_Mpwapwa
Ijumaa ondokeni saa moja asubuhi, upepo wa mchana Juni una vumbi. Na njooni na masweta, watoto wa Dodoma mjini hawajui baridi.