Mama alipasuliwa utumbo kwa kamera, sasa kidonda kinanuka. Tungoje kliniki ya Alhamisi?

Binti Kayole: Wapendwa, naomba ushauri wa haraka. Mama ana miaka 61 na ana kisukari. Siku nane zilizopita alitolewa kipande cha utumbo mpana kwa ule upasuaji wa matundu madogo. Siku ya nne akaruhusiwa, anatembea, anakunywa uji, tukamshukuru Mungu. Tangu juzi kidonda cha chini ya kitovu, kile kirefu kuliko vingine, kimevimba na ngozi inang'aa. Jana kikaanza kutoa maji yenye harufu, na usiku alitetemeka chini ya blanketi mbili. Nimepiga simu hospitalini, nikaambiwa maji kidogo ni kawaida, tuje kliniki Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Jirani anasema nifungue kapsuli ya antibiotiki ninyunyize unga wake hapo.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, usingoje Alhamisi. Kamera hupunguza hatari ya kidonda kuoza, haiiondoi. Hicho kirefu ndipo utumbo ulipotolewa, na utumbo mpana umejaa bakteria. Huenda ni usaha wa juu tu, wakafungua nyuzi chache ukatoka. Lakini huenda pia pale utumbo ulipoungwa panavuja ndani, na kwa macho hatuwezi kujua. Huko kutetemeka ndiko kunanitia hofu. Unga usiweke, wala asali. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu na uandike saa. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa: joto na ugumu vimeishia wapi?

Baba Tatu: Hiyo kalamu ilimwokoa kaka yangu. Alikuwa analia kwa maumivu, na kidonda chenyewe ukikitazama si kibaya hivyo. Tulichora saa mbili usiku; kufika saa nne uvimbe ulikuwa umevuka mstari kwa vidole viwili, ngozi imekuwa zambarau, na ukiibonyeza unasikia vipovu chini yake. Bakteria walikuwa wanaua nyama ya ndani. Hapo dawa peke yake haitoshi, nyama iliyokufa lazima ikatwe. Aliingia thieta usiku huo, na akarudishwa mara mbili. Yuko hai. Dada, nenda sasa.

Shiru: Ingia kasualti, usipange foleni ya kliniki. Beba karatasi ya kuruhusiwa, dawa zake zote, na kitambulisho kwa ajili ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Mlangoni sema hivi: amepasuliwa utumbo siku nane zilizopita, ana kisukari, ametetemeka usiku.

Nesi Mstaafu: Na umpime sukari kabla hamjatoka. Kama haijashuka, asile njiani, huenda akahitajika thieta.

Binti Kayole: Teksi imefika. Mstari umevukwa kidogo.

Binti Kayole: Tumelazwa. Sukari ilikuwa 19. Wamefungua nyuzi nne, usaha ukatoka mwingi sana, wakapeleka sampuli maabara. Picha ya CT haikuonyesha kuvuja. Dawa anapata kwa dripu, na kidonda wamekiacha wazi kipone kuanzia chini. Mungu awabariki. Daktari anasema kitachukua wiki kadhaa, na kitafungwa bandeji upya kila siku. Je, nitaweza kukifunga mwenyewe nyumbani?

Nesi Mstaafu: Utaweza. Kesho wakija kukisafisha, usitoke nje. Simama karibu, uombe wakuachie ukifunge mbele yao.