Friji mpya haigandishi, na muuzaji amekataa kuipokea

Ndugu zangu wa Kenya, mwezi huu nilinunua friji mpya dukani Mombasa, lakini kompresa inanguruma mchana kutwa na maji hayagandi. Muuzaji ananionyesha mstari ulio chini ya risiti, usemao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Je, maneno hayo yananifunga?

Jibu la kwanza
Hayakufungi, dada. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake, na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuiondoa dhamana ya ubora iliyomo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa. Inaniudhi sana kwamba maduka bado yanachapisha mstari huo.

Jibu la pili
Naafikiana na mwenzangu, ila usikawie, kwa sababu mtu anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kuikataa huhesabiwa kuwa ameikubali. Mwandikie muuzaji barua leo, utaje kasoro na tarehe ya ununuzi, ubaki na nakala, wala usimruhusu fundi wa mtaani aifungue kompresa. Akikaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na ambako unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Barua naipeleka kesho asubuhi, na nitamtaka aisaini nakala yangu.