Daktari wa baipola, unajuaje huyu ananifaa?

Kaka_Tembea:
Wakuu habari zenu. Nina baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda juu sana halafu kushuka chini sana, niliambiwa baada ya kutibiwa sonona miaka na miaka. Daktari niliyenaye ni mpole, hana neno, ila kila nikienda ni "unaendeleaje", nikisema vizuri basi anaandika dawa zilezile nimeshatoka. Nikimwambia mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga sahani, eti nitazoea. Sasa sijui ni mimi msumbufu au nitafute mwingine, na kuanza kusimulia yote upya kwa mtu mgeni kunachosha jamani

Mama P:
Msumbufu wapi, hayo ndo maswali yenyewe. Upole mzuri ila haupimi damu. Unameza lithiamu, ile dawa ya kutuliza hizo hisia? Kama ndiyo, mkono kutetemeka kidogo ni kawaida yake, ila inatakiwa mtu aangalie kiwango kwenye damu, wengi wanawekwa kati ya 0.6 na 1.0 (mmol kwa lita), na damu inatolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho sio muda wowote tu ukifika. Figo na tezi ya shingo nazo zinacheckiwa, kawaida kila baada ya miezi 6 hivi. Daktari anayekuandikia lithiamu bila kukutuma maabara, hata awe mpole kama malaika, mimi namuogopa

mzee_wa_zamu:
Naongezea. Sisi tunaenda hospitali tukiwa chini, tukiwa juu nani anaenda? Unajiona mzima kuliko wote, hulali, unakopesha watu hela, unaanzisha biashara tatu kwa mpigo. Ndo maana wengi tunaanza kuitwa wagonjwa wa sonona, na dawa ya sonona peke yake inaweza kukurusha juu kabisa. Daktari wangu wa sasa siku ya kwanza aliniuliza kuna kipindi nililala masaa matatu na asubuhi sijachoka? Kabla sijafungua mdomo mke wangu keshajibu, na daktari akageuza kiti akaanza kuongea na yeye 😂 nilikasirika kweli ila yule ndo anajua kazi. Asiyetaka kumsikia mtu unayeishi naye anapata nusu ya habari

Kaka_Tembea:
Ni lithiamu ndiyo. Damu sikumbuki mara ya mwisho lini, ni zamani. Halafu hii kutetemeka imezidi tangu mgongo uanze kuniuma, nikajua labda ni zile diklofenaki, dawa za maumivu ninazomeza

Mama P:
Ngoja kwanza hapohapo. Diklofenaki unameza kila siku?? Hiyo na ibuprofeni zinafanya figo zishindwe kutoa lithiamu vizuri, inapanda kwenye damu. Daktari anajua unazimeza? Mpigie leo, usisubiri siku ya kliniki, muulize utumie nini kwa mgongo. Na ukiona unaharisha, unatapika, unayumba ukitembea au ulimi mzito, hapo hakuna kupiga simu, nenda emajensi

Kaka_Tembea:
Hajui, nilinunua tu duka la dawa. Hajawahi kuniuliza natumia nini kingine. Kuharisha sina

SalmaS:
Mi nitatofautiana na wenzangu kidogo, usimkimbie bado. Dakika zenyewe chache na wewe unamjibu "vizuri", afanyeje? Andika kwenye karatasi: usingizi ulivyokuwa, siku za juu, siku za chini, dawa ZOTE mpaka za mgongo, unataka kupima nini. Mpe mkononi asome. Akisoma akakutuma maabara, umepata daktari. Akisukuma karatasi pembeni, hama na roho safi. Ila ukihama omba muhtasari wa faili lako uondoke nao ndo hutasimulia kila kitu upya, na usiache dawa katikati ukisubiri mpya, lithiamu ukiikata ghafla inakurudisha ulikotoka fasta

mzee_wa_zamu:
Salma umeongea. Ila kwa hiyo "utazoea" bado simpi maksi

Kaka_Tembea:
Nimepiga, amepokea nesi akamuuliza daktari, diklofenaki nisimeze tena na kesho asubuhi niende kutolewa damu kabla ya dozi ya asubuhi. Karatasi naandika usiku huu, dada yangu nimemuomba anisindikize maana ye ndo anakumbuka zile siku zangu za juu

Mama P:
Safi. Majibu yakitoka omba namba yenyewe uiandike, usikubali "iko sawa" tu