Wazee wana kadi ya matibabu bure, dawa wanaambiwa wakanunue. Mpaka lini?

Wadau, kaeni nusu saa tu karibu na dirisha la wazee kwenye zahanati za huku Makete, Kilolo au Mbarali. Bango limeandikwa "Mzee kwanza". Kumwona mganga ni bure kweli, kisha mzee wa presha na sukari anapewa karatasi akanunue dawa duka la nje. Hiyo bure ni ya kukaa kwenye benchi?

Msiwatukane manesi. Tatizo ni hela. Kadi ya mzee ni msamaha wa malipo, na msamaha SI bima. Mwenye bima akitibiwa, kituo kinadai na kulipwa. Mzee wa msamaha akitibiwa, hakuna anayelipa, na zahanati inategemea sehemu ya makusanyo yake kuagiza dawa MSD (bohari ya dawa ya serikali). Yaani zahanati yenye wazee wengi ndiyo inayokauka mapema. Sera ya wazee ipo tangu 2003, bado tuko hapo hapo.

Hata kuipata kadi ni kazi. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji, mhuri wa mtendaji, halafu jina liende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Linakwama wapi? Kwenye umri kwanza: waliozaliwa kabla ya uhuru wengi hawana cheti, mwaka ulikisiwa wakati wa kuandikishwa NIDA (kitambulisho cha taifa), na ukikisiwa vibaya mtu wa miaka 65 anasomeka 57. Likivuka hapo linakutana na neno "asiyejiweza". Ana ekari moja ya mahindi na nyumba ya bati, basi eti anajiweza! Bati analitafuna na chai?

CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) nayo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita. Bibi anayeishi peke yake alikuwa analipa sawasawa na nyumba ya watu sita. Nani alipiga hesabu hii?

Akipewa rufaa ya kwenda Mbeya mjini, nauli ni juu yake. Wenye wazee, shikeni hili: kadi pekee haitoshi hospitali kubwa. Nendeni na barua ya rufaa, kadi na nakala ya NIDA, mpitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali KABLA ya vipimo. Bili ikishafunguliwa, kuomba msamaha ni kuzungushwa tu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na ndani yake kuna mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Basi kila aliyefikisha miaka 60 na hana pensheni akatiwe bima kamili, kituo kilipwe, habari za kupima umaskini kwa bati ziishe. Majina ya kuanzia yapo tayari TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.

Diwani akiitisha mkutano, mumuulize mbele za watu: kata hii ina wazee wangapi, wangapi wamekatiwa bima, na dawa za presha zahanati ziliisha lini?