Mjadala: Vijana wanaojitambulisha kuwa transjenda wameongezeka, au wameacha kujificha?

MLETA MADA

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi, maana linagusa watoto wa watu. Katika nchi zilizoanza kuwahesabu, wanaosema kwamba jinsia yao siyo ile waliyoandikishwa walipozaliwa ni wengi zaidi miongoni mwa vijana kuliko wazee. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 iliwakuta asilimia 0.79 kwa waliozaliwa kati ya 1997 na 2006, na asilimia 0.12 tu kwa kizazi cha wazee kabisa. Je, ni kukubalika kunakowatoa mafichoni, au kuna jambo jipya?

Msimamo wangu: sehemu kubwa ni kukubalika, na sehemu nyingine ni namna tunavyohesabu. Hiyo ya pili watu huirukia juu juu. Taasisi ya utafiti ya Williams ya Marekani ilikadiria mwaka 2017 kuwa asilimia 0.7 ya vijana wa miaka 13 hadi 17 ni transjenda, na mwaka 2022 ikasema asilimia 1.4. Magazeti yakatangaza kwamba wameongezeka maradufu. Lakini makadirio ya kwanza yalikokotolewa kutokana na majibu ya watu wazima. Ya pili yalitokana na wanafunzi wenyewe walioulizwa. Huwezi kupima vitu viwili kwa mizani mbili tofauti kisha ukasema kimoja kimenenepa.

Tazameni pia Uingereza. Sensa ya 2021 ya England na Wales iliuliza kwa mara ya kwanza kama jinsia unayojitambulisha nayo ni ile ile uliyoandikishwa ulipozaliwa. Watu 262,000 walijibu hapana. Ajabu ni kwamba miongoni mwa maeneo yaliyoongoza yalikuwa Newham na Brent, mitaa ya London yenye wakazi wengi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wataalamu wakahoji kama baadhi yao walilielewa swali, na mwaka 2024 ofisi ya takwimu ikaziondolea takwimu hizo hadhi kamili ya takwimu rasmi. Sentensi moja tu kwenye fomu ya sensa imetikisa hesabu ya nchi nzima!

Kuhusu kukubalika, tukumbuke wanaotumia mkono wa kushoto. Kwa Wamarekani waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wachache mno, kwa sababu watoto walichapwa vidole mpaka wakahamia mkono wa kulia. Adhabu zilipokoma, idadi ikapanda hadi zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi, kisha ikatulia.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mfano wa mkono wa kushoto umechoka. Anayeandika kwa kushoto haendi hospitali kuomba homoni. Halafu, kama ni aibu tu iliyoondoka, mbona akina mama wa miaka 50 hawajitokezi kwa kasi ile ile? Kliniki ya Uingereza ya watoto wenye maswali kuhusu jinsia yao ilipokea maombi yasiyofika 250 mwaka 2011/12, na zaidi ya 5,000 mwaka 2021/22. Zamani wengi walikuwa wavulana, sasa wengi ni wasichana wa umri wa kubalehe. Ripoti ya 2024 ya Dkt. Hilary Cass, daktari wa watoto aliyepewa kazi ya kuchunguza huduma hizo, ilisema wazi kuwa kasi hiyo imezidi ile ya jamii kuzoea kundi dogo.

MCHANGIAJI WA PILI

Nina binti wa miaka 15 aliyeniambia mwaka jana. Mnapobishana kama ameambukizwa na mitandao, yeye anasoma. Ile tafiti ya 2018 iliyoanzisha hoja ya maambukizi, kwamba vijana huiga marafiki na mitandao, iliwahoji wazazi, haikumhoji kijana hata mmoja. Mwanangu aliulizwa na nani?

MLETA MADA

Mama, umesema kweli, na ndiyo sababu silikubali neno "maambukizi". Jarida lililochapisha tafiti hiyo lilitoa masahihisho mwaka 2019 na kusisitiza kwamba hali iliyoelezwa humo si ugonjwa unaotambuliwa rasmi.

Ndugu yangu wa kwanza, hoja ya akina mama wa miaka 50 ina jibu. Hata wenye mkono wa kushoto hawakuongezeka kwa wazee kurudia mkono wao wa asili. Waliozoeshwa wa kulia walizeeka nao, wakaongezeka waliozaliwa baadaye. Mwenye ndoa, watoto na jina mjini ana mengi ya kupoteza akisema leo. Isitoshe, kukubalika kwenyewe hakupandi kila mahali. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani: waliosema jinsia huamuliwa na maumbile ya kuzaliwa walikuwa asilimia 54 mwaka 2017, na 60 mwaka 2022. Kijana huishi na rika lake, si na wastani wa taifa.

Ila hoja yako ya wasichana ina uzito, na kukubalika peke yake hakuijibu. Wanaonitetea wasiifunike kwa kelele. Timu ya Cass ilitaka kufuatilia takribani vijana 9,000 waliopita kliniki ile, ijue maisha yao yakoje ukubwani. Kliniki za watu wazima, isipokuwa moja, zilikataa kutoa kumbukumbu, na serikali ikalazimika kuingilia. Kwa upande wangu huo ufuatiliaji ufanyike, majina yakifichwa, na matokeo yatangazwe yakimfurahisha nani au yakimuudhi nani. Anayepinga hapa aseme anapinga kwa hoja gani.